Mstari Mtupu Kwenye Marejeleo

Muhula ulioanza baada ya tope la Mlima Hanang kufukia nyumba za watu, nilipangiwa kufundisha uandishi wa marejeleo. Walimu wenzangu walikuwa wakilikwepa somo hilo kwa sababu halina hadithi wala mjadala. Ni majina, miaka, nukta na mikato. Mkuu wa taaluma aliponiuliza kama nitaliweza, nilimjibu nitaliweza. Siku zile ningekubali chochote. Angeniambia nikahesabu mawe ya uwanjani, ningekwenda kuyahesabu.

Chuo chetu ni kidogo, kiko pembeni mwa mji wa Katesh, na kinatoa cheti cha maendeleo ya jamii. Wanafunzi wengi ni watu wazima. Wengine wanateremka kutoka Mbulu juu, wengine wanatoka tambarare za Hanang, kwa wafugaji wa ng'ombe. Kabla ya kumaliza, kila mmoja anafanya utafiti mdogo, anauandika, na mwishoni anaorodhesha vyanzo vyake vyote: vitabu alivyosoma na watu aliowahoji.

Kazi za kwanza nilizokusanya zilikuwa na orodha fupi. Mmoja aliandika, "Chanzo: mtandao." Mwingine, "Chanzo: simu." Wa tatu alikuwa mkweli zaidi, aliandika, "Chanzo: simu ya shemeji."

Niliwauliza darasani, "Ukikutana na mtu njiani amebeba mbuzi mabegani, na humjui, utamuuliza nini?"

"Kamtoa wapi," wakajibu.

"Na akikwambia amemtoa sokoni?"

"Soko gani," alisema mama mmoja wa mbele. "Kwa nani. Lini."

"Basi msomaji naye anakuuliza hivyo hivyo. Habari hii ni ya nani, ya lini, umeitoa wapi."

Walicheka kidogo, wakaandika. Nikawaonyesha ubaoni: jina la mwisho la mwandishi kwanza, kisha mkato, kisha majina yake mengine, mwaka ndani ya mabano, jina la kitabu kwa herufi za mlazo, mji, mchapishaji. Kwa mahojiano, jina la mhojiwa, tarehe, mahali. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema jina la mwisho la watu wa kwao ni la babu. Sasa ukianza na hilo, si utakuwa unasema babu ndiye aliyeandika? Nilimwambia ndivyo utaratibu ulivyo. Zamani ningefurahia swali lile, tungelizungumza hadi kengele. Siku ile nilisema ndivyo utaratibu ulivyo, nikageukia ubao.

Nieleze hapa nilikuwa nani wakati huo. Kwetu ni kijiji cha Daudi, juu Mbulu, nchi ya Wairaqw. Dada yangu mkubwa aliolewa Katesh, akafiwa na mume, akabaki mtaa wa Jorodom kwenye nyumba yake ya vyumba vitatu akiuza vitunguu saumu alivyoviagiza kutoka nyumbani. Nilipopata kazi chuoni nilikaa naye miaka minne. Wikiendi ile mlima uliposhuka na tope lake, mimi nilikuwa Daudi kwa mama, nimekwenda kumsaidia kupalilia. Habari zilitufikia tukiwa tunatoka kanisani. Nilipanda gari hadi Babati, kisha gari la Katesh, na pale lilipoishia nilitembea.

Nyumba haikuwapo. Hata mahali ilipokuwa nilipakosa, kwa sababu mti wa jirani niliozoea kupimia njia nao haukuwapo. Siku ya tatu nilikwenda uwanjani walipokuwa wamebandika karatasi ya majina ya waliopatikana. Nililiona la kwake. Walikuwa wamelikosea herufi mbili. Nikaomba kalamu kwa kijana aliyesimama pale, nikalisahihisha, nikamrudishia kalamu yake na kumshukuru. Halafu nikaenda kuulizia utaratibu wa kumchukua.

Tulimzika nyumbani, kijijini Daudi. Watu walisema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Mtu anayejikaza ana kitu anachokizuia, mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nakula nikipewa chakula, nalala nikionyeshwa kitanda. Mama alinitazama sana msibani. Januari nilihamia chumba cha walimu ndani ya eneo la chuo, na Jumatatu nikaingia darasani.

Kati ya wanafunzi wa muhula ule alikuwapo mwanamke mmoja wa Kidatoga, umri wake yapata miaka ishirini na sita, ameolewa, ana watoto wawili aliowaacha kwa wakwe zake upande wa Balangdalalu. Alikaa karibu na mlango. Alivaa bangili za shaba mikono yote miwili, na alipoandika ziligonga meza, ikawa ndiyo sauti ya darasa lile. Alikuwa mwenye bidii. Lakini insha zake zilikuwa na kasoro moja iliyonichosha: mahali ambapo neno moja lingetosha, yeye alizunguka. Kulikuwa na neno la kawaida kabisa la Kiswahili, linalotumika kila siku, ambalo hakulitumia hata mara moja. Alilieleza kwa maneno matano au sita. Nilimwandikia kwa wino mwekundu, "Tumia neno moja," na mara ya pili nikampunguzia alama.

Utafiti wake ulihusu jinsi wafugaji wa kwao wanavyotenga malisho ya kiangazi: nani anaamua sehemu gani ifungwe, ng'ombe wa maziwa wanabaki wapi, ndama wanalishwa wapi maji yakipungua. Ulikuwa utafiti mzuri. Nilipofika mwisho, nikakuta marejeleo yamepangwa vizuri kuliko ya mwanafunzi yeyote, mikato mahali pake, mabano mahali pake. Ila mstari mmoja ulikuwa hivi: nafasi tupu, kisha mkato, kisha nafasi tupu nyingine, kisha tarehe ya mahojiano na mahali. Na chanzo hicho kisicho na jina ndicho kilichobeba karibu kazi yote. Nikaandika pembeni, "Jina?" Nikampa sifuri kwenye sehemu hiyo.

Alikuja ofisini kesho yake, wakati wa chai.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Aliweka kazi yake mezani, akaweka kidole kwenye lile neno langu jekundu.

"Hili siwezi kulijaza," alisema.

"Hukumwuliza jina?"

"Ninalijua. Ni baba mkwe wangu." Kidole chake kilibaki pale pale. "Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe. Wala neno linalofanana nalo. Unatafuta neno jingine."

Nilikaa na kalamu mkononi. Lile neno ambalo hakuwahi kulitumia lilikuja lenyewe kichwani mwangu, na zile alama nilizompunguzia. Najua kwamba hapo nilipaswa kuona aibu. Niliijua kama mtu anavyojua kuna mvua nje kwa kuitazama dirishani.

"Basi andika," nilisema. "Kuandika si kutaja."

"Nimejaribu. Mkono unakataa. Na siku ya kutetea kazi tunasoma mbele ya watu."

"Mumeo akuandikie."

"Yuko Simanjiro na ng'ombe. Simu haishiki."

"Mwanafunzi mwenzako."

"Hakuna anayemjua. Na mimi siwezi kumwambia mtu."

Nikamwambia kuna njia inayokubalika. Angeweza kuandika Mhojiwa wa Kwanza, halafu akaeleza kwa nini. Alipandisha kidole hadi mstari wa juu yake.

"Madam, huyu aliyeandika kitabu cha malisho ambacho nimekisoma kwenye maktaba, kurasa zake mbili tu ndizo nimezitumia, jina lake nimeliandika lote. Huyu aliyenieleza siku nne, ndiye nimwandike namba?"

Nikamwambia, "Jumamosi nitakwenda nikamuulize mwenyewe."

Ningependa kusema niliguswa. Ukweli ni kwamba Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku ngumu kwangu. Jumamosi ilikuwa siku ya dada yangu kuchambua vitunguu, tukikaa mlangoni maganda yakipeperuka hadi kwa jirani. Tangu tope, siku hiyo nilikuwa nakaa chumbani nikitazama ukuta. Safari ya Balangdalalu ilikuwa mahali pa kuweka Jumamosi moja.

Tulikodi pikipiki mbili. Vumbi lilikuwa jingi, na tulipoacha barabara kubwa tulifuata njia za ng'ombe, mwanafunzi wangu akiwa mbele akimwonyesha dereva wake pa kukata. Mlima ulikuwa nyuma yetu. Sikugeuka kuutazama.

Mzee tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba, miguu ameinyoosha, anasuka kamba ya ngozi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Watoto wawili walimkimbilia mama yao wakamshika sketi, naye akawashika vichwa bila kuinama, kwa sababu alikuwa bado hajamsalimu mkwe wake. Alimsalimu kwa lugha yao akiwa mbali kidogo, uso ameuelekeza chini. Kisha akamweleza mimi ni nani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na cha moja kwa moja. "Wewe ni wa josho?"

"Hapana. Mimi ni mwalimu wake."

"Josho la ng'ombe limekufa, huu mwaka wa pili. Kila anayekuja na karatasi anasema si wa josho."

Nikamwambia tena mimi ni mwalimu. Alionekana kukata tamaa, lakini akaagiza niletewe kigoda na maziwa. Mwanamke mwingine wa boma lile alileta maziwa mgando kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi na ukali mzuri. Nikanywa. Nilimweleza kwamba mkwe wake ameandika kazi nzuri, na mambo mengi yametoka kwake, na chuo kinataka jina lake liwekwe mwisho wa kazi.

Nilipofika hapo mwanafunzi wangu aliinuka, akawachukua wanawe, akaenda kwenye zizi la ndama. Zizi lilikuwa mbali kiasi cha kutosikia.

Mzee alimtazama akienda. "Ana adabu," alisema. Halafu akanigeukia. "Hilo jina, likishaandikwa, anayesoma atanifanya nini?"

"Hatakufanya kitu. Atajua kwamba aliyesema ni wewe."

"Na kama anabisha?"

"Atakuja kukuuliza."

Hilo lilimpendeza. Aliweka kamba chini. "Aje. Lakini aje kabla hatujahama. Tukihama atanitafuta sana."

Akataja jina lake. Alilitaja lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Niliandika, nikamsomea. Akasema hapana. Nikaandika tena, nikasoma, akasema imekaribia. Mara ya tatu alitikisa kichwa kukubali. Nilimuuliza herufi fulani iwe moja au mbili, akacheka, akasema yeye hajui herufi, niweke zile zinazotoa sauti aliyoitoa. Nikaweka mbili.

"Wewe ni wa wapi?" aliuliza.

"Wa juu. Daudi."

"Mwiraqw." Alifikiri. "Siku ya mlima ulikuwa Katesh?"

"Sikuwapo. Dada yangu alikuwapo."

Ndama walikuwa wanalia kule zizini. Nilidhani ataniambia pole, kama watu wote, nami ningejibu asante, kama siku zote. Badala yake aliuliza, "Aliitwa nani?"

Nikalitaja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulitaja tangu mazishi, maana nyumbani tulisema "marehemu" na chuoni hakuna aliyeuliza. Mzee alilirudia, akalikosea. Nikalitaja tena, polepole. Akalirudia, safari hii sawasawa, halafu akaokota kamba yake akaendelea kusuka. Nilisubiri kuona kama kitu kitatokea ndani yangu. Hakikutokea. Niliona tu kwamba mkono ulioshika kibuyu umechoka, nikakiweka chini.

Tuliporudi nilikwenda na mwanafunzi wangu dukani kwa mchapaji. Yeye alisimama nje. Mimi nilikaa karibu na binti aliyekuwa akichapa, nikamsomea jina herufi kwa herufi, akalijaza kwenye nafasi ile tupu. Karatasi zilipotoka mwanafunzi alizipokea, akazikunja ukurasa wa mwisho ukiwa ndani.

Siku ya kutetea kazi alikuja mwalimu mgeni kutoka chuo kingine, kama utaratibu unavyotaka. Alikuwa mtu makini, mwenye miwani yenye kamba ya shingoni. Aliisifu kazi ya mwanafunzi wangu. Kisha akasema amezoea kuona marejeleo ya kunakili, wanafunzi wanaweka vitabu wasivyovijua, kwa hiyo yeye humtaka kila mmoja asome orodha yake kwa sauti na kueleza kila chanzo alikipataje.

Mwanafunzi wangu alisoma. Kitabu cha kwanza, cha pili, taarifa ya wilaya, mahojiano na mama mmoja wa jirani. Akafika pale. Bangili zikaacha kugongana.

"Endelea," mgeni alisema.

Hakuendelea. Alikuwa amesimama wima, macho kwenye karatasi. Nikasimama pale nyuma nilipokuwa nimekaa, nikausoma mstari ule mimi: jina la ukoo, mkato, majina mengine, tarehe, mahojiano, Balangdalalu. Nikakaa.

Mgeni alivua miwani. "Mwalimu, kwa nini unamsomea mwanafunzi?"

Nilimweleza kwa ufupi. Alisikiliza hadi mwisho. Wanafunzi wengine wa tambarare walikuwa wakiitikia kwa vichwa, na mama mmoja wa kwao akasema polepole, "Ni kweli, mwalimu."

"Naelewa," alisema mgeni. "Lakini mwongozo unasema mwanafunzi asome mwenyewe. Nitalazimika kuandika kwamba hakusoma."

"Andika," nilisema. "Uandike na sababu."

Aliandika vyote viwili. Alimpa alama ya kufaulu, si ile ya juu kabisa aliyostahili. Mwanafunzi alipotoka nje alinisubiri kwenye varanda. Nilifikiri atalalamika.

"Madam, umelisoma vizuri," alisema. "Yeye mwenyewe huwa analivuta hivyo pale katikati."

Alipomaliza chuo alipata kazi ya kujitolea kwenye kata ya kwao. Alinipigia simu siku moja kunisalimia, na katikati ya mazungumzo akasema mzee bado anauliza kila anapokwenda nyumbani, "Amekuja?" Anamaanisha yule msomaji atakayebisha. "Ninamwambia bado," alisema. Niliulizia josho. Bado pia.

Mimi niliandika ombi kwa mkuu wa taaluma kwamba mwongozo wetu uongezwe aya: mwanafunzi akizuiwa na desturi kutaja jina la mhojiwa, mwalimu au mwenzake alitaje na kuliandika kwa niaba yake. Ombi lilijadiliwa kwenye kikao kimoja likaahirishwa kwenda kingine. Mimi ninaifuata aya hiyo hivyo hivyo.

Watu huniuliza kama sasa nimepona. Siku hizi ninalala vizuri. Ninacheka darasani mara moja moja, na sauti inatoka kama ya zamani. Pasaka nilikwenda Daudi, nikapanda maua kaburini na mama, baridi ikituuma vidole, tukarudi ndani kumenya viazi. Mama alisema, "Siku hizi unaongea." Nikamwambia ndiyo.

Muhula huu nina mwanafunzi anayetoka Yaeda Chini, mwanamume wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye zahanati. Anaandika juu ya asali na mizizi ambayo watu wa bondeni huitumia kama chakula wakati wa njaa. Wiki iliyopita aliinua mkono.

"Madam, mtu aliyenieleza habari za asali alifariki mwezi wa tatu. Bado anaweza kuwekwa kwenye orodha?"

"Anawekwa."

"Kana kwamba yu hai?"

"Unaandika jina lake, na siku mliyozungumza. Siku hiyo alikuwapo."

Aliandika. Kisha akainua uso. "Tulizungumza siku nyingi. Tarehe zote sizikumbuki."

"Andika ile unayoikumbuka," nilisema.

Alifikiri, akiwa ameuma ncha ya kalamu, na wenzake wakamsubiri kana kwamba jibu lilikuwa lao wote. Hatimaye aliinama akaandika kitu. Nilipita nyuma yake nikaangalia. Alikuwa amesahau mkato baada ya jina. Nikamwonyesha kwa kidole, akauweka.